Kabla ya Kuwaomba Watu Kura: Mwongozo kwa Anayetaka Kuwa Mwakilishi wa Wadi nchini Kenya

Ndugu msomaji, ikiwa umeazimia kusimama katika uchaguzi mkuu wa Jumanne, 10 Agosti 2027, ili uiwakilishe wadi yenu katika Bunge la Kaunti, basi jambo la kwanza linalokupasa kulifahamu ni kwamba kabla ya watu kukupima kwa kura, sheria itakupima kwa hati na kwa tarehe. Na aliyeshindwa katika kipimo hiki cha kwanza, hata awe kipenzi cha wadi nzima, jina lake halitachapwa katika karatasi ya kura. Aghalabu watu wema huanza safari hii kwa mikutano, nyimbo na picha za kubandika ukutani, ilhali barua moja ambayo ilipasa kuandikwa miezi kadhaa nyuma haikuandikwa, na ikifika siku ya kuidhinishwa hakuna tena la kufanya ila kujuta.

Mwongozo huu umekusudiwa mwananchi wa kawaida, mvuvi wa Lamu, mwalimu wa Kwale, mama muuza samaki wa Likoni au kijana wa Kisauni, ambaye hana wakili wa kumwelekeza wala katibu wa kumshughulikia makaratasi. Nchi ina wadi 1,450, na katika kila mojawapo mtu huyu anayo haki ya kugombea, haki iliyotajwa waziwazi katika Ibara ya 38 ya Katiba ya 2010. Haki hiyo hailindwi na mtu mwingine kwa niaba yako. Yakupasa uijue, uitayarishie mambo yake, na uidai kwa wakati wake.

KWA NINI SHERIA IMEWEKA MASHARTI

Mwakilishi wa wadi hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti yake, na humwangalia gavana na maafisa wake ili fedha za hospitali, za maji na za barabara zisitumike kinyume. Hii ni amana kubwa, na mwenye kukabidhiwa amana lazima athibitike kwanza kwamba ni raia wa kweli wa nchi, kwamba hana hukumu ya kuitumia vibaya amana nyingine aliyowahi kupewa, na kwamba hatumii cheo cha serikali kujipatia kura. Ndiyo maana chifu au mwalimu hutakiwa aache kazi mapema, kwa kuwa haielekei mtu awe anawatolea watu huduma ya serikali asubuhi na jioni anawaomba kura watu wale wale. Ndiyo maana pia mgombea asiye na chama hutakiwa alete saini za watu wa wadi, maana mwenye chama amekwisha kudhaminiwa na chama chake, na yule mwingine hana budi adhaminiwe na majirani.

Ukiyaelewa makusudi haya hutayaona masharti kuwa ni vikwazo vilivyobuniwa kukudhulumu. Utayaona kuwa ni ulinzi wa watu ambao wewe mwenyewe unataka kuwatumikia.

SIFA ZINAZOTAKIWA

Ibara ya 193 ya Katiba ndiyo msingi wa yote. Inamtaka mgombea wa wadi awe na mambo haya:

1. Awe ameandikishwa kuwa mpiga kura. Kwa kuwa hakuna aandikishwaye kabla ya kutimiza miaka 18, sharti hili ndilo pia linaloweka kiwango cha umri. Katiba haisemi kwamba uandikishaji wako lazima uwe katika wadi ile ile unayoigombea.

2. Atimize masharti ya elimu, ya maadili na ya uadilifu yaliyowekwa na Katiba au na sheria ya Bunge. Katika uchaguzi wa 2022 shahada ya chuo kikuu haikudaiwa kwa wagombea wa wadi, kwani mahakama ilikuwa imekibatilisha kifungu kilichoitaka. Lakini mgombea wa ugavana na wa urais alitakiwa kuwa nayo.

3. Awe ameteuliwa na chama cha kisiasa, au, akiwa mgombea huru, awe anaungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 walioandikishwa katika wadi hiyo.

Zingatia, ndugu msomaji, yale ambayo sheria haikuyataja: haikutaja mali, wala ukoo, wala kabila, wala jinsia. Mwanamke anayeambiwa kwamba ana viti vyake maalumu na asigombee kiti cha wadi anadanganywa, na kijana anayeambiwa angoje wazee wamalize anadanganywa vile vile.

KISANDUKU CHA KWANZA: WANAOZUILIWA

Hawezi kugombea kiti cha wadi mtu ambaye:

• ni afisa wa Serikali au mtumishi wa umma, isipokuwa aliye tayari mjumbe wa Bunge la Kaunti;
• amekuwa kamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) wakati wowote katika miaka 5 kabla ya siku ya uchaguzi;
• hajawa raia wa Kenya kwa muda wa angalau miaka 10 mfululizo kabla ya uchaguzi;
• hana akili timamu;
• ni muflisi aliyetangazwa na mahakama na ambaye hajaondolewa tangazo hilo;
• anatumikia kifungo cha miezi 6 au zaidi;
• amethibitika, kwa mujibu wa sheria yoyote, kuwa aliitumia vibaya ofisi ya umma au aliivunja Sura ya Sita ya Katiba, ile ihusuyo uongozi na maadili.

Lakini Katiba yenyewe imeongeza insafu kubwa hapa: mtu hahesabiwi kuwa amezuiliwa mpaka njia zote za rufani au za kupitiwa upya hukumu yake ziwe zimekwisha. Kushitakiwa si kuhukumiwa, na kuhukumiwa mara ya kwanza si mwisho wa daawa. Hata hivyo, rufani nayo huwa na mwisho wake. Mike Sonko, ambaye Seneti ilimwondoa katika ugavana wa Nairobi mwezi Desemba 2020, alitaka kugombea ugavana wa Mombasa mwaka 2022. Mahakama ya Juu ilipothibitisha kuondolewa kwake mwezi Julai mwaka huo, mlango wa ugombea ulimfungikia, zikiwa zimesalia wiki chache tu watu wapige kura.

Neno kwa wenye uraia wa nchi mbili. Watu wa pwani wengi wana jamaa Oman, Uingereza na kwengineko, na baadhi yao wana pasipoti mbili. Ibara ya 78 inamkataza afisa wa Serikali kuwa na uraia wa nchi mbili, na mjumbe wa Bunge la Kaunti ni afisa wa Serikali. Ameachwa nje ya katazo hili yule aliyefanywa raia wa nchi nyingine kwa nguvu ya sheria ya nchi hiyo bila ya yeye kuwa na uwezo wa kukataa. Ikiwa uraia wa pili uliuomba mwenyewe, shughulika na kuukana mapema, kwa maandishi, wala usingoje ukisha kuchaguliwa.

HESABU YA TAREHE: ANZA MWISHO, RUDI NYUMA

Njia salama ya kupanga ugombea ni kuishika siku ya uchaguzi na kuhesabu kurudi nyuma. Kwa uchaguzi wa 10 Agosti 2027 hesabu inakuwa hivi:

• Miezi 6 kabla, yaani 10 Februari 2027: mtumishi wa umma awe amekwisha kujiuzulu, kwa mujibu wa kifungu cha 43 cha Sheria ya Uchaguzi.
• Miezi 3 kabla, yaani 10 Mei 2027: anayetaka kuwa mgombea huru awe amekwisha kutoka katika chama, kwa mujibu wa Ibara ya 85 ya Katiba.
• Siku za kuwasilisha hati: hutangazwa na Tume katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwaka 2022 zilikuwa kati ya 29 Mei na 6 Juni.

Nasaha yangu ni kwamba tarehe hizi uzihesabu kuwa ni ukingo, usiutembelee. Aliyepanga kujiuzulu Februari na ajiuzulu Januari. Aliyepanga kutoka chamani Mei na atoke Machi au Aprili. Siku chache za mshahara au za uanachama hazilingani na miaka mitano ya kungoja uchaguzi mwingine.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Lihakiki jina lako katika daftari la wapiga kura. Usitegemee kwamba ulipiga kura mara iliyopita. Nenda afisi ya Tume katika eneo bunge lako, au tumia njia ya uhakiki inayotolewa na Tume, ukaangalie kwamba jina, nambari ya kitambulisho na kituo chako vimeandikwa sawasawa. Ikiwa majina yako katika kitambulisho yametofautiana na yale watu wanayokujua kwayo, tengeneza jambo hilo kisheria mapema, maana jina la karatasi ya kura halitokani na mazoea ya mtaani.

Hatua ya 2. Ichunguze rejista ya vyama. Mwaka 2021 Wakenya wengi walistaajabu walipoangalia kumbukumbu za Msajili wa Vyama vya Kisiasa na kujikuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakupata kujiunga navyo. Kwa mgombea jambo hili ni la hatari, kwani sheria haimruhusu mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja, na mgombea huru hatakiwi kuwa mwanachama wa chochote. Angalia hali yako kupitia huduma ya Msajili katika eCitizen, na ukikuta uandikishaji usio na ridhaa yako, ukanushe kwa maandishi na uhifadhi jibu.

Hatua ya 3. Chagua njia, kisha ushikamane nayo. Chama hukupa jina, nembo na jamaa wa kukusaidia, lakini hukutaka upite katika kura za mchujo au katika maafikiano yake ya ndani. Njia ya mgombea huru hukuepusha na hayo, lakini hukutaka saini 500 na nembo yako mwenyewe iliyokubaliwa na Tume. Lisilofaa ni kuzitaka njia zote mbili: kukaa chamani ukingoja mchujo, na ukishindwa ukimbilie ugombea huru, maana muda wa miezi mitatu waweza kuwa umekwisha kupita.

Hatua ya 4. Jiuzulu, ikiwa unalipwa kwa fedha za umma. Mwalimu wa Tume ya Huduma za Walimu, muuguzi wa hospitali ya kaunti, chifu na naibu wa chifu, askari, karani wa wizara, wote hawa wanahusika. Barua iandikwe, ipelekwe kwa mwajiri, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Likizo si kujiuzulu, wala ahadi ya mdomo kwa mkuu wa idara si kujiuzulu. Rais na naibu wake, wabunge, magavana na manaibu wao, na wajumbe wa mabunge ya kaunti ndio walioachwa nje ya sharti hili.

Hatua ya 5. Toka chamani kwa barua, ikiwa utakuwa mgombea huru au unahamia chama kingine. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inataka ilani ya maandishi, nayo huanza kufanya kazi chama kinapoipokea. Kisha ni wajibu wa chama kumjulisha Msajili katika muda wa siku 7. Kwa hiyo tarehe ya kupokelewa ndiyo roho ya barua hiyo. Baada ya wiki mbili rudi ukaangalie rejista ili uhakikishe kwamba jina limeondolewa.

Hatua ya 6. Kusanya saini, ikiwa ni mgombea huru. Tumia fomu ya Tume yenyewe. Mtafute kila mwungaji mkono miongoni mwa wapiga kura wa wadi hiyo, na uchague wale ambao si wanachama wa chama chochote. Usiishie kwa watu 500. Ongeza mia moja au mia mbili, kwa kuwa katika kuhakiki baadhi huonekana wameandikishwa wadi jirani, au wameandika nambari ya kitambulisho kwa makosa. Kila mtu atie saini kwa mkono wake. Kumtilia mwenzio saini, hata kama ni ndugu yako na amekubali, ni kughushi, na jambo hilo laweza kukutoa ugombeani na kukufikisha kortini.

Hatua ya 7. Jaza fomu ya kujieleza ya maadili. Fomu hii inatokana na Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012, na ndani yake mgombea huulizwa juu ya hukumu, kodi, kesi na mwenendo wake. Jibu kweli tupu. Jambo dogo ulilolieleza laweza kusamehewa, lakini dogo hilo hilo ukilificha huwa kubwa, kwa kuwa sasa linakuwa ushahidi wa uwongo dhidi yako.

Hatua ya 8. Lipa ada na uwasilishe hati. Mwaka 2022 ada ya mgombea wa wadi ilikuwa shilingi 5,000, na kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilikuwa nusu yake, shilingi 2,500. Angalia tangazo la Tume kwa kiasi na njia ya malipo ya mwaka wako. Ratiba hukuonyesha siku na saa ya kuonana na msimamizi wa uchaguzi; fika mapema, ukiwa na hati asili na nakala zake, na usiondoke kabla ya kupewa cheti kinachothibitisha kwamba umeidhinishwa.

KISANDUKU CHA PILI: HATI ZA KUKAGUA USIKU WA KUAMKIA SIKU YA KUZIWASILISHA

☐ Kitambulisho cha taifa au pasipoti halali
☐ Ithibati ya kuandikishwa kuwa mpiga kura
☐ Fomu ya uteuzi ya Tume, iliyojazwa bila ya kufutwafutwa
☐ Cheti cha uteuzi cha chama, kilichotiwa saini na maafisa wanaotambuliwa. Au orodha ya waungaji mkono na kibali cha nembo kwa mgombea huru
☐ Fomu ya kujieleza ya maadili
☐ Hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo
☐ Kanuni za mwenendo wa uchaguzi, zimesomwa na kutiwa saini
☐ Picha za kiasi na namna iliyotakiwa na Tume
☐ Barua ya kujiuzulu yenye muhuri, kwa aliyekuwa mtumishi wa umma
☐ Barua ya kutoka chamani yenye muhuri, kwa mgombea huru
☐ Risiti ya ada

Kila hati iwe na nakala tatu: moja ya Tume, moja ya nyumbani, na moja kwa mtu unayemwamini. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hati za mgombea ndizo mali yake ya kwanza.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kutegemea maneno ya wakubwa wa chama. Ahadi kwamba tiketi ni yako haina uzito wowote mbele ya msimamizi wa uchaguzi. Anachokitaka yeye ni cheti, na jina lililoletwa na chama kwa Tume.

Kutumia fedha zote katika shamrashamra za mwanzo. Wako waliokwisha kununua fulana na kukodi magari kabla hawajajua kama wanastahili kugombea. Uhakiki wa sifa ni kazi ya senti chache, na ndiyo iwe ya kwanza.

Kugawa fedha kwa jina la sadaka. Kumpa mpiga kura fedha, chakula au zawadi ili akupigie kura ni hongo, na hongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kwa mtoaji na kwa mpokeaji. Mwenye nia ya kutoa sadaka anazo siku nyingi kabla na baada ya uchaguzi za kuitoa kwa ajili ya Mungu.

Kudhani kwamba sheria ni ile ile ya mwaka uliopita. Masharti ya elimu, ada na ratiba hubadilishwa na Bunge, na Tume, na mahakama, na pengine hubadilishwa karibu sana na uchaguzi. Kabla ya kila hatua kubwa, uliza afisi ya Tume, na jibu lao ulipate kwa maandishi.

UKIKATALIWA, USIKATE TAMAA WALA USIZUE FUJO

Kukataliwa huja kwa sura mbili, na kila moja ina mahali pake pa kupeleka malalamiko.

Ikiwa umedhulumiwa katika mchujo wa chama, anza na kamati ya chama ya kutatua mizozo, na uhifadhi ushahidi kwamba ulianza huko. Usiporidhika, nenda Baraza la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Ikiwa ni msimamizi wa uchaguzi aliyekataa hati zako, mwombe sababu kwa maandishi, kisha upeleke lalamiko lako kwenye Tume yenyewe, ambayo sheria inaipa siku 10 kulikata shauri. Uamuzi wake unaweza kupelekwa Mahakama Kuu. Na baada ya uchaguzi, mwenye kupinga matokeo ya wadi ana siku 28 tangu matokeo kutangazwa kufungua kesi katika mahakama ya hakimu iliyoteuliwa kwa kazi hiyo.

Katika yote haya muda ni mfupi sana, na asiyekuwa na nakala, tarehe na mihuri huwa hana la kumwonyesha hakimu. Wafuasi wako waeleze mapema kwamba ukikataliwa utakwenda mbele ya sheria, na kwamba atakayechoma gurudumu barabarani kwa jina lako anakuharibia kesi yako.

KWA WANAOTAZAMA VITI VINGINE

Mambo mengi yaliyoelezwa hapa yanahusu pia viti vingine, ila idadi hutofautiana. Mgombea huru wa ubunge hutakiwa kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 wa eneo bunge, na wa useneta 2,000 wa kaunti. Anayetaka ugavana lazima kwanza astahili kuwa mgombea wa wadi. Anayetaka urais, awe wa chama au huru, hutakiwa kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila mojawapo ya kaunti zilizo zaidi ya nusu, yaani kaunti 24 kati ya 47, na sharti awe raia kwa kuzaliwa.

LA KUFANYA WIKI HII

Usiuweke mwongozo huu kabatini ukingoja mwaka wa uchaguzi. Wiki hii hii fanya mambo matatu: lihakiki jina lako katika daftari la wapiga kura, iangalie hali yako katika rejista ya vyama, na uandike katika kalenda tarehe ya mwisho ya kujiuzulu na ya kutoka chamani kama zinakuhusu. Hayo hayakugharimu ila nauli na subira. Ukisha kuyatimiza utakuwa umejihakikishia kwamba siku utakapowaomba watu wa wadi yenu kura, watakuwa na uwezo wa kukupa, na uamuzi utakuwa wao, kama Katiba ilivyokusudia.